"Babu yako kazikwa wapi?": uraia unavyosemwa Kigoma, na ulivyo kisheria

Basi la kutoka Kasulu lilisimama kizuizini, afisa akapanda kukagua vitambulisho. Kijana niliyekaa naye hakuwa nacho. "Babu yako kazikwa wapi?" Akataja kijiji. "Na baba yake babu?" Kijana kimya. Nami nikajipapasa kimoyomoyo: kaburi la baba yake babu yangu silijui hata mimi.

Dhana: Anayeongea kama Mrundi ni Mrundi.
Kiha, lugha ya Waha wa Kigoma, na Kirundi ni lugha ndugu, Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani. Urundi (Burundi ya leo) na Kigoma zote zilikuwa chini ya Mjerumani. Wabelgiji wakaiteka Kigoma mwaka 1916, wakaikabidhi kwa Waingereza mwaka 1921. Mpaka ndio uliowapitia watu katikati, na mashangazi wakabaki ng'ambo. Sheria ya Uraia ya 1995 haimpi mtu uraia kwa kabila lake, wala haimnyimi.

Dhana: Ukioana na Mtanzania, umeshakuwa Mtanzania.
Ndoa peke yake haitoi uraia. Mwanamke mgeni aliyeolewa na Mtanzania anaruhusiwa kuuomba kwa ndoa hiyo. Mwanamume mgeni aliyemwoa Mtanzania hana mlango huo, anaomba kama mgeni mwingine yeyote. Ni ile fikra ya kwamba mke humfuata mume (na mahari ilishatolewa, wazee wangeongeza). Ajabu ni kwamba kwa watoto sheria hiyohiyo inasema baba au mama: mwanamke Mtanzania mzaliwa wa hapa akijifungulia Kongo, mwanawe ni raia. Mitaani Ujiji bado utasikia, "Huyo ni wa kwa baba yake."

Dhana: Mkimbizi hufa mkimbizi.
Waliokimbia Burundi mwaka 1972 walipewa makazi Ulyankulu mkoani Tabora, na pia Katumba na Mishamo. Mwaka 2010 zaidi ya 162,000 kati ya hao na watoto wao walikubaliwa uraia. Vyeti vikachelewa miaka, kwa kuwa kwanza walitakiwa kuhama makazi hayo na kusambazwa mikoani, hadi mpango huo ulipoachwa. Hatua hiyo haikuwahusu walio kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, hapa Kigoma.

Na yule kijana? Mama mmoja wa viti vya nyuma alipaza sauti: "Huyo mjukuu wa fundi wa mitumbwi, ukoo wao naujua!" Afisa akashuka.