Nambari ya TSC si barua ya ajira

Hapa Kisumu ukimuuliza mtu taaluma yake, atakutajia anakofanya kazi. Akiachishwa, majirani husema, "Siku hizi si mwalimu tena." Hapo ndipo tunapokosea.

Ajira ni nafasi: ina mwajiri na mshahara, na siku moja huisha. Taaluma ni mafunzo maalumu, usajili, na maadili ambayo ukiyakiuka unaweza kufutwa kwenye orodha. Kwa walimu mkanganyiko una sababu, kwani TSC, yaani tume ya walimu ya Kenya, hufanya yote mawili: husajili walimu wa shule za umma na za kibinafsi, kisha huajiri wale wa umma. Basi nambari ya usajili ya TSC inakupa ruhusa ya kufundisha, haikupi darasa. Mwenye nambari anayeuza omena (dagaa) katika soko la Kibuye akisubiri kuajiriwa bado ni mwalimu. (Huenda omena inamlipa vizuri zaidi, lakini hayo tuyaache.)

Muuguzi naye husajiliwa na Baraza la Wauguzi, si hospitali. Mkataba ukiisha, anarudisha funguo za kabati. Leseni anaondoka nayo, mradi aihuishe.

Na kuvaa tai hakumfanyi mtu mwanataaluma. Wala pesa: fundi stadi wa magari pale Nakuru anaweza kumpita wakili mchanga kwa kipato.