Mfuatano wa kubuti: kwa nini diski ya nje huchelewesha kompyuta kuwaka

Mama mmoja mwenye stesheneri Kiboriloni, hapa Moshi, aliniletea sipiyu yake akiwa amekata tamaa. "Mwanangu, asubuhi naiwasha, nafagia duka zima, nikirudi skrini bado nyeusi." Alikuwa ameshashauriwa aifomati. Nikaiunganisha mezani kwangu, ikawaka hata dakika haijaisha. Nikaizima na kuiwasha mara tatu, ni vilevile. Akaondoka nayo, na jioni akapiga simu: imerudia. Nilipomfuata dukani ndipo nikaona kitu ambacho hakukileta. Nyuma ya sipiyu ilichomekwa diski ya nje yenye picha za pasipoti na barua za wateja wa miaka kadhaa. Ilikuwa haichomolewi, usiku na mchana.

Sipiyu haikuwa mbovu, na kufomati kusingesaidia chochote. Shida ilikuwa kwenye mfuatano wa kubuti, yaani wa kompyuta kujiwasha hadi mfumo wake uanze kazi.

Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, Windows bado imelala ndani ya diski, na haiwezi kujiamsha yenyewe. Kinachoamka kwanza ni programu ndogo iliyohifadhiwa kwenye chipu ya madabodi, bamba kuu la saketi ndani ya sipiyu. Kompyuta za zamani zina bayosi, ambayo IBM PC ya mwaka 1981 ilikuja nayo. Za siku hizi zina UEFI, ingawa mafundi wengi bado tunaiita bayosi tu. Programu hiyo hukagua RAM (kumbukumbu ya muda), kibodi na vifaa vingine, kisha huanza kuutafuta mfumo endeshi, kama vile Windows. Hutafuta kwa kufuata orodha: labda USB kwanza, halafu DVD, halafu diski ya ndani, mwisho mtandao. Orodha hiyo ndiyo mfuatano wa kubuti. Bayosi hubisha hodi mlango mmoja mmoja, na haiendi wa pili mpaka wa kwanza ujibu au muda wa kungoja uishe.

Sasa fikiria mlango wa kwanza ni diski ya nje. Diski ya aina ya kuzunguka, ambayo ndiyo wengi wanayo kwa kuwa ni ya bei nafuu, inaanza ikiwa imesimama. Lazima ipate umeme na ifikishe kasi yake, mara nyingi mizunguko 5,400 kwa dakika, ndipo iweze kusomeka. Hapo sekunde kadhaa zimekwenda. Umeme wenyewe unatoka kwenye tundu la USB: kwa viwango, tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500, na la USB 3.0 miliampea 900. Wakati wa kuanza kuzunguka ndipo diski inakula umeme mwingi zaidi, kwa hiyo kwenye tundu dhaifu, au kwa waya mrefu uliochoka, inaweza kuanza, ikakata, ikaanza tena. Bayosi muda wote inangoja.

Kuna jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui. Bayosi ya zamani husoma baiti 512 za mwanzo kabisa wa diski. Ikikuta alama fulani mwishoni mwake, huamini kwamba hapo pana kitu cha kubuti. Diski nyingi za kuhifadhia mafaili zina alama hiyo hata kama hazina mfumo endeshi wowote. Basi bayosi inaingia ndani, haikuti kitu, na wewe unabaki unatazama kistari kinachopepesa kwenye skrini nyeusi. Diski yenye sehemu zilizoharibika huongeza balaa, maana inajaribu kusoma pale pale tena na tena kabla ya kukiri kwamba imeshindwa.

Kipimo cha kwanza hakigharimu hata shilingi. Zima kompyuta, chomoa diski ya nje, washa, hesabu muda. Kisha rudia ikiwa imechomekwa. Kwenye Windows, kwa kipimo hiki tumia Anzisha upya badala ya Zima, kwa sababu tangu Windows 8 ya mwaka 2012 kuzima kwa kawaida huenda kusiwe kuzima kamili. Sehemu ya mfumo huhifadhiwa kwenye diski ili iwake haraka, na hilo linaweza kukupa jibu la uongo.

Angalia pia ucheleweshaji unatokea wapi. Ukitokea kabla ya nembo ya Windows kuanza kuzungusha vidoti, mshuku mfuatano wa kubuti, waya au tundu. Ukitokea baadaye, huenda Windows inaikagua diski iliyochomolewa vibaya au umeme ulipokatika, au antivirusi na programu ya kunakili mafaili zinaikimbilia diski hiyo mara tu mashine inapowaka. Hapo kubadili mfuatano hakutakusaidia.

Kuubadili ni kazi ya dakika chache. Mara tu baada ya kuwasha, bonyeza F2 au Delete mfululizo (baadhi ya mashine hutumia F10 au Esc), tafuta sehemu yenye neno Boot, pandisha diski ya ndani au Windows Boot Manager iwe ya kwanza, hifadhi, toka. Siku ukihitaji kubuti kwa flashi, mashine nyingi zina menyu ya mara moja kwa F12, F9 au Esc, bila kugusa orodha. Ila kama kompyuta imefungwa kwa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski kwa msimbo wa siri, usiguse bayosi kabla hujahakikisha unao ufunguo wa kufungulia wenye tarakimu 48. Mabadiliko ya huko yanaweza kuifanya Windows iudai, na bila huo mafaili yako yatabaki yamefungwa.

Wanaotumia Linux, mfumo endeshi mwingine, wanaweza kukutana na kinyume chake: mashine inachelewa kwa sababu diski haipo. Diski ya nje ikiandikwa kwenye faili la fstab, lenye orodha ya diski za kuunganishwa mashine inapowaka, kama kitu cha lazima, mifumo mingi hungoja sekunde 90 kabla ya kukata tamaa. Neno nofail likiongezwa kwenye mstari wake, mfumo huendelea kuwaka bila kuingoja.

Kwa yule mama, nilipandisha diski ya ndani juu ya orodha, skrini nyeusi ikaisha. Lakini baada ya nembo bado palikuwa na kusitasita. Nikasogeza sikio karibu na diski yake: tik, tik, kimya, tik. Nikamwambia, "Mama, leo usichapishe kitu. Tuhamishe picha zako kwanza." Tulinakili hadi saa mbili usiku, tukianza na mafaili ya wateja ambao hawajachukua kazi zao.