Merv Haikuisha Mwaka 1221

Sentensi ile ile tena: "Merv ilikuwa mji mkubwa, Wamongolia wakaja mwaka 1221, ikaisha." Juzi nimeisoma kwenye insha ya mwanafunzi hodari kabisa, na safari hii sinyamazi.

Kwanza, Merv si mji mmoja. Ukifika kwenye magofu yake karibu na Bayramaly, Turkmenistan, unakuta miji kadhaa ya udongo imelala jirani. Erk Kala ni ya enzi za Waajemi wa kale. Gyaur Kala, ya Antiochus wa Kwanza, mfalme wa Waseleuko, ikaifanya ile ya zamani kuwa ngome yake. Magharibi yake iko Sultan Kala, alikozikwa Sanjar, sultani wa Waseljuki, aliyefariki mwaka 1157. Kusini, Abdullah Khan Kala. Hii ya mwisho ndiyo inayosahauliwa: Shahrukh, mwana wa mshindi Timur, aliamuru ujenzi mwaka 1409, karibu miaka 200 baada ya jeshi la Tolui, mwana wa Genghis Khan, kupita. Nani hujengea maiti ukuta?

Sikatai mauaji. Yalikuwa ya kutisha. Lakini kati ya wanahistoria wa karne ile, Ibn al-Athir anataja waliouawa 700,000, Juvayni anasema milioni 1.3, na mimi siamini hesabu hata moja kati ya hizo.

Cha kutazama ni maji. Mto Murghab hutoka milima ya Afghanistan, ukaingia jangwa la Karakum na kuishia humo humo mchangani. Kila shamba lilitegemea bwawa na mifereji, na mifereji hujaa tope. Nyumba za matofali mabichi hubomoka na kujengwa upya kwa urahisi, kwa hiyo watu waliyafuata maji. Hivyo ndivyo ninavyoeleza kuhama kutoka Gyaur Kala kwenda Sultan Kala. Wenzangu hunijibu kwamba ilikuwa siasa: Abu Muslim, kiongozi wa mapinduzi ya Waabbasi, alijenga msikiti na jumba la utawala kando ya mfereji wa Majan, upande huo wa Sultan Kala, karne ya 8, na watu wakafuata dola. Wana hoja, na kusema kweli sijaweza kuitenganisha na yangu, maana dola lenyewe lilijenga penye mfereji.

Pigo ninaloliona zito zaidi lilikuja mwishoni mwa karne ya 18. Shah Murad, amiri wa Bukhara, alilibomoa bwawa la Sultan Bent kwenye Mto Murghab. Mashamba yakakauka, na wakazi wengi wakachukuliwa kwa nguvu hadi Bukhara.