Je, wajua kwa nini kriketi ya kimataifa haina mwezi wa kupumzika?

Mwanzoni mwa Januari 2023, mtu aliyeko Dodoma na anayependa kriketi angeweza kuanza kutazama mechi kabla jogoo hajawika na kwenda kulala usiku huku mechi nyingine ikiendelea. Saa nane na nusu usiku kwa saa za kwetu, Sydney huwa kumekucha, na hiyo ndiyo saa ambayo Australia na Afrika Kusini walianza mechi yao ya mwaka mpya ya Testi, ile aina ndefu ya kriketi inayochukua siku kadhaa. Karibu na saa tano asubuhi, wenye maduka wa katikati ya mji wakiwa wameshapanga bidhaa barazani, ligi ya Australia iitwayo Big Bash ilikuwa inawasha taa za jioni. Ligi ya Bangladesh ilianza Januari 6, SA20 ya Afrika Kusini ikazaliwa Januari 10, na ILT20 ya Falme za Kiarabu ikafuata Januari 13. Ligi nne ziligombea wachezaji walewale katika wiki zilezile, na bado timu za taifa nazo zilikuwa uwanjani.

Testi ile ya Sydney iliisha Januari 8. Afrika Kusini walikuwa wamepangiwa kubaki Australia kwa mechi tatu za siku moja zilizohesabiwa katika kufuzu Kombe la Dunia la mwaka huohuo, lakini chama chao kilikuwa kimeamua mapema kutozicheza, ili wachezaji wawahi nyumbani kuanzisha ligi mpya. Pointi zote 30 wakapewa Australia bila mpira kurushwa. Taifa lenye historia ndefu katika mchezo huu lilikubali kuhatarisha nafasi yake ya Kombe la Dunia kwa sababu ya ligi yake lenyewe, na anayetaka kujua kalenda ya kriketi ilivyofika hapa hana budi kuanza kwa kuuliza kalenda hiyo ni ya nani.

Kriketi ya kimataifa ya wanaume ina aina tatu za mechi. Testi huchezwa kwa siku hadi 5. Mechi ya siku moja humpa kila upande ova 50, na ova moja ni mipira sita halali inayorushwa na mtu mmoja. T20, iliyoanzishwa na Waingereza katika ligi yao ya ndani mwaka 2003, ina ova 20 kwa kila upande na huisha kwa saa tatu hivi. Aina hii ya tatu ilipokuja, hakuna iliyoondoka ili kuipisha. Kisha mwaka 2008 ikaja Ligi Kuu ya India ya T20, maarufu kama IPL, ambayo mwaka 2022 ilifikia timu 10 na mechi 74 kwa msimu, na haki zake za matangazo za miaka mitano kuanzia 2023 ziliuzwa kwa zaidi ya dola za Marekani bilioni 6. Kila nchi iliyoona fedha hizo ilitaka ligi ya namna hiyo.

Wengi hudhani kwamba Baraza la Kimataifa la Kriketi, ICC, lenye makao yake Dubai, ndilo hupanga nani acheze na nani na lini. Baraza humiliki mashindano yake, kama Kombe la Dunia, lakini ziara ya India nchini Uingereza, au ya Pakistan nchini New Zealand, ni mali ya chama cha nchi mwenyeji. Mwenyeji ndiye huuza matangazo na tiketi, na ndiye huweka mapato kibindoni. Ratiba ya ziara ambayo ICC huitangaza kwa kila mzunguko wa miaka minne ni mkusanyiko wa makubaliano ambayo vyama vimefikia vyenyewe, viwiliviwili. Ratiba ya kuanzia Mei 2023 hadi Aprili 2027, kwa nchi 12 zenye uanachama kamili, ina mechi 777: Testi 173, mechi za siku moja 281 na T20 323. Mzunguko uliotangulia ulikuwa na mechi 694. Mtu akizigawanya hizo 777 kwa siku za miaka minne anapata zaidi ya mechi moja kila siku mbili, na hapo hajaigusa ligi hata moja wala Kombe la Dunia.

Kila chama kikitazama upande wake, hakijakosea. Kwa vyama vingi ziara ya India ndiyo inayolipia ziara nyingine zisizo na faida, kwa hiyo kila kimoja kinaomba India ije, na ikija icheze mechi nyingi iwezekanavyo. Tatizo huonekana pale maombi yote hayo yanapowekwa juu ya meza moja, na meza hiyo haina mwenyewe.

Sisi wa mpira wa miguu tunalijua jambo hili kwa upande wake mwingine. Wiki ya FIFA inapofika, Ligi Kuu husimama, Uwanja wa Jamhuri unakuwa kimya hata kama Dodoma Jiji walikuwa wameanza kushinda, na klabu hulazimika kuwaruhusu wachezaji kujiunga na Taifa Stars. Mwajiri hana hiari katika hilo. Klabu kubwa za Ulaya hunung'unika, lakini hutii, kwa sababu kalenda ya FIFA hupangwa miaka kabla na kila ligi hujipanga kuizunguka. Kriketi haina kitu cha namna hiyo. Tena, katika kriketi chama cha taifa mara nyingi ndicho kinachoendesha ligi au kina hisa ndani yake, na kukitegemea kiilinde timu ya taifa dhidi ya ligi hiyo ni kumpelekea nyani kesi ya ngedere.

Udhaifu huo ulidhihirika Mei 2025. IPL ilisimamishwa Mei 9 kutokana na mapigano kati ya India na Pakistan, ikarejea Mei 17, na fainali iliyokuwa ifanyike Mei 25 ikasogezwa hadi Juni 3. Huku kwetu wiki moja ya viporo ingemaliziwa kwa mechi za katikati ya juma. Kwa kriketi hapakuwa na pa kuviweka, kwani Uingereza na West Indies walikuwa na mechi za siku moja kuanzia Mei 29, na fainali ya Ubingwa wa Dunia wa Testi kati ya Afrika Kusini na Australia ilikuwa Juni 11. Jos Buttler na Jacob Bethell waliziacha timu zao za India kabla ya hatua ya mtoano ili kuichezea Uingereza, na timu hizo zikalazimika kutafuta watu wa kuziba nafasi. Kalenda isiyoweza kubeba dharura ya siku tisa haijapangwa. Imejazwa tu.

Anayeulipia ujazo huo kwa mwili wake ni mchezaji, na zaidi ya wote ni mrushaji wa kasi, yaani yule anayemrushia mpigaji mpira kwa nguvu. Huyu hukimbia hatua nyingi, huruka, kisha huutua mguu wa mbele ardhini kwa kishindo kinachozidi uzito wake mara kadhaa, huku kiuno kikijipinda upande mmoja. Pingili za chini za uti wa mgongo ndizo hupokea mpindo huo, na zisipopata muda wa kujijenga hupasuka nyufa ndogondogo ambazo huchukua miezi kupona. Pat Cummins wa Australia alicheza Testi yake ya kwanza Novemba 2011 akiwa na miaka 18, akawa mchezaji bora wa mechi, kisha majeraha, hasa ya mgongo, yakamweka nje ya Testi hadi Machi 2017. Katika T20 mrushaji haruhusiwi kuzidi ova 4, yaani mipira 24. Katika Testi hakuna kikomo. Mohammed Siraj wa India alitoka kwenye IPL ya 2025, akaanza mfululizo wa Testi tano Uingereza Juni 20, na hadi Agosti 4 alikuwa amerusha zaidi ya ova 185, ambazo ni zaidi ya mipira 1,100. Hatari haimo katika wingi tu, imo pia katika kuruka ghafla kutoka mipira 24 kwa siku hadi mia na ushee.

Mzigo huo hauishii kwenye majeraha. Julai 2022 Uingereza walimaliza Testi na India tarehe 5, kisha kati ya tarehe 7 na 31 wakacheza mechi 12 fupi dhidi ya India na Afrika Kusini, mechi 12 ndani ya siku 25. Ben Stokes, aliyekuwa nahodha wao wa Testi, alitangaza tarehe 18 ya mwezi huo kwamba anastaafu mechi za siku moja, akisema wazi kuwa aina zote tatu kwa pamoja hazibebeki tena. Alikuwa na miaka 31. Mwezi uliofuata mrushaji Trent Boult aliomba aachiliwe kutoka mkataba wa chama cha New Zealand. Na Februari 2024, kwa kuwa SA20 iligongana na ziara ya New Zealand, Afrika Kusini walipeleka kikosi kilichoongozwa na Neil Brand, mtu ambaye hakuwahi kucheza Testi hata moja kabla ya kuwa nahodha, wakafungwa mechi zote mbili.

Mkulima wa zabibu wa Hombolo au Mpunguzi huvuna mara mbili kwa mwaka. Kati ya mavuno na mavuno hupogoa matawi na kuuacha mzabibu utulie kabla haujachipua upya, na hata bei ikipanda haulazimishi uzae mara tano, kwa maana anajua shamba ni la miaka mingi.

Basi kalenda idhibitiwe vipi? Pendekezo ninaloliona kuwa na mashiko ni lile lililotolewa mwaka 2025 na chama cha wachezaji wa kriketi duniani, WCA: vitengwe vipindi vinne kwa mwaka, kila kimoja siku 21, ambamo mechi za msingi za kimataifa zitachezwa bila ligi yoyote kuruhusiwa kugongana nazo. Hizo ni siku 84, na ligi zingebaki na sehemu kubwa ya mwaka. Ni wiki ya FIFA iliyorefushwa kwa ajili ya mchezo unaohitaji siku tano kumaliza mechi moja. Lakini vipindi peke yake havitatosha. ICC inapaswa kupewa mamlaka ya kukataa ziara au ligi isiyoingia katika kalenda, na pawepo daftari moja la mipira anayorusha kila mrushaji, linalosomwa na klabu na taifa kwa pamoja, maana leo kila mwajiri huhesabu mipira yake tu.

Kuna wanaopendelea kumbana mchezaji. Pakistan, kwa mfano, imetumia cheti cha kutokuwa na pingamizi, ambacho mchezaji huhitaji kutoka chama chake ili acheze nje, kuwawekea wachezaji wake kikomo cha ligi mbili mbali na ligi ya nyumbani. Sioni haki kamili hapo. Mchezaji wa nchi yenye chama maskini anaweza kupata katika wiki chache za ligi fedha zinazozidi mshahara wake wa mwaka mzima nyumbani, na kumfungia mlango bila kumwongezea mshahara ni kumwadhibu kwa kosa la ratiba. Udhibiti wa kweli unapitia kwenye mgawo wa fedha. Katika mgawo wa ICC wa 2024 hadi 2027, India pekee inapata asilimia 38.5, huku wanachama washirika wote, yaani wale wasio na uanachama kamili, zaidi ya 90, wakigawana karibu asilimia 11. Wahindi husema watazamaji wao ndio huleta sehemu kubwa ya fedha hizo, na ni kweli. Hata hivyo, chama kisicho na uhakika wa mapato kitaendelea kuuza kila siku iliyo tupu.

Tanzania, mwanachama wa ICC tangu 2001, imo miongoni mwa hao washirika. Tangu Januari 2019, mechi za T20 baina ya mataifa yote wanachama hutambuliwa kuwa za kimataifa, nasi tumenufaika na uamuzi huo, lakini kalenda yetu ni ya mafuriko na ukame: mashindano ya kufuzu yenye mechi karibu kila siku kwa wiki moja au mbili, kisha miezi ya kimya. Vijana wetu wa chini ya miaka 19 walifuzu Kombe lao la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia, likapangwa Zimbabwe na Namibia mwanzoni mwa 2026, nao wakawekwa kundi moja na West Indies, Afghanistan na Afrika Kusini. Michuano ilianza Januari 15, wakati SA20 na Big Bash zikielekea ukingoni na ligi ya wanawake ya India ikiwa imepamba moto. Fainali ya michuano hiyo ya vijana iliwekwa Februari 6, na Kombe la Dunia la T20 la wakubwa likapangiwa kuanza Februari 7.