Wiki ya NAIDOC: mtoto wako anasherehekea nini shuleni?

Kila mwaka, Juni ikielekea ukingoni, wazazi Waswahili wa huku Australia hutuletea karatasi ileile kutoka shuleni. Ina bendera nyeusi na nyekundu, katikati duara la njano, na inaomba mtoto aje amevaa rangi hizo. "Hii sikukuu ni ya dini?" wanauliza. Hapana. Ni wiki ya NAIDOC (kifupisho cha jina la Kiingereza la kamati iliyokuwa ikiiandaa), ya kusherehekea utamaduni wa Waaborijini, yaani wenyeji wa asili wa Australia, na wenyeji wa visiwa vya Torres Strait. Huangukia mwanzoni mwa Julai, na kwa kuwa mara nyingi shule huwa zimefungwa wakati huo, nyingi huisogeza mbele au nyuma kidogo.

Chimbuko lake ni msiba. Tarehe 26 Januari 1938, wakati Sydney inashangilia miaka 150 tangu Waingereza watie nanga, Waaborijini walikutana mjini humo kuomboleza na kudai haki za uraia. Bendera ilikuja baadaye: aliichora Harold Thomas, ikapepea mara ya kwanza Adelaide mwaka 1971. Nyeusi ni watu, nyekundu ni ardhi, njano ni jua.

Shule nazo zina deni lao katika habari hii. Katika jimbo la New South Wales, mtoto wa Kiaborijini angeweza kutolewa shule ya serikali kwa sababu tu wazazi wa kizungu wamelalamika, na kanuni iliyompa mwalimu mkuu ruhusa ya kumkataa ilifutwa mwaka 1972. Hesabu mwenyewe: bibi anayemsindikiza mjukuu wake leo huenda naye aliwahi kurudishwa getini. Wapo pia waliochukuliwa na serikali wakiwa wadogo, wakalelewa mbali na mama zao. Waziri Mkuu Kevin Rudd aliwaomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. Ukisikia mwalimu anasema "wazazi hawa hawaji kwenye vikao, hawajali," mkumbushe.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Papunya, kijiji kilichopo kilomita 240 hivi kaskazini-magharibi mwa Alice Springs, mji wa katikati ya Australia. Mwaka 1971 wazee wa pale, baadhi yao wakiwa vibarua wa kutunza uwanja wa shule, walipaka ukutani mwa shule simulizi ya sisimizi wa asali, ambayo ni ya ardhi ileile waliyosimama. Mwalimu wa sanaa, Geoffrey Bardon, aliwaunga mkono. Fikiria mtoto anaingia darasani asubuhi na kukuta alama za babu yake zimejaa ukutani, tena kubwa kuliko ramani ya Uingereza. Kutoka hapo ikazuka sanaa inayotafutwa leo na majumba ya makumbusho duniani. Ukuta wenyewe? Miaka michache baadaye ulipakwa rangi ya kawaida, picha ikapotea chini yake.

Nakitaja kisa hiki kwa sababu shule nyingi bado huwagawia watoto brashi wachore nukta nukta, basi, utamaduni umeisha. Nukta zile ni za jangwani katikati ya bara. Kabla ya Waingereza kufika, nchi hii ilikuwa na lugha zaidi ya 250, na kila jamii na alama zake. Kumpa mtoto wa pwani ya Sydney nukta za Papunya ni kama kumvisha mtoto wa Kimasai kanzu na kofia, kisha umwambie ajivunie asili yake. Mwalimu aanze kwa kuuliza wazee wa hapo hapo.

Na mimi hupima shule kwa siku za kawaida kuliko kwa wiki ya sherehe. Nenda wakati wa kuita mahudhurio. Katika jamii nyingi za Australia ya kati, jina la marehemu halitamkwi, na aliye hai mwenye jina hilo huitwa Kumanjayi kwa muda. Mwalimu asiyejua atasoma daftari kama lilivyo, na darasa zima litainamisha vichwa. Angalia pia mtoto asiyejibu anapoitwa. Maradhi ya sikio la kati yamewaandama mno watoto wa Kiaborijini. Huenda hasikii, naye ameshaandikwa mkaidi. Na anayetazama chini mkubwa akimsemesha, hilo sisi hatuhitaji kufundishwa.

Wazee wanaoalikwa shuleni huitwa shangazi na mjomba kwa Kiingereza, hata na wasio ndugu zao. Mtoto aliyelelewa Goma au Bujumbura hatapata shida, maana na nyumbani hathubutu kumwita mzee jina tupu.

Waswahili wanaokaa miji ya Wagga Wagga au Albury, wengi wao kutoka Kongo, wako kwenye ardhi ya Wawiradjuri, moja ya jamii za Waaborijini. Mtoto akirudi anasema "yiradhu marang," amekusalimu kwa Kiwiradjuri, muitikie vilevile. Asijipake rangi za ngoma usoni kabla wenyewe hawajampaka. Kuhusu nguo, usihangaike na kitenge: fulana nyeusi, nyekundu au ya njano inatosha.