Barua ya Chawa Iwafikie Wazazi Kabla ya Kambi

Mimi ni muuguzi, na kwa miaka kadhaa nimehudumu katika kambi za watoto zinazofanyika kandokando ya Ziwa Victoria, upande wa Entebbe na Mukono, wakati wa likizo ndefu ya Desemba na Januari. Chawa wa kichwani hawaambukizi ugonjwa, ilhali malaria huua. Hata hivyo, simu za hasira ninazopokea nyingi ni za chawa. Mzazi akiambiwa mwanawe ana malaria huuliza dawa, bali akiambiwa ana chawa husikia kwamba nyumba yake ni chafu.

Ndiyo maana nasisitiza kwamba barua ya chawa itolewe pamoja na fomu ya kujiandikisha, wakati hakuna mtoto yeyote anayeshukiwa. Mwaka mmoja tulingoja hadi walipoonekana, kisha tukaandika katika kundi la WhatsApp la wazazi kwamba mtoto mmoja amekutwa nao. Hatukutaja jina, lakini kila mzazi alimpigia matroni kuuliza kama ni wake, na kabla ya magharibi jina lilikuwa limekwisha kujulikana. Binti yule wa miaka 9 alichukuliwa na baba yake huku akilia, na kosa lilikuwa letu sisi wakubwa.

Barua imweleze mzazi kwamba chawa haruki wala hana mabawa, bali hutambaa kutoka kichwa hadi kichwa vinapogusana, na kwamba akianguka hufa kwa siku 1 au 2 kwa kukosa damu. Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote ni hili: kwa mtoto anayepata chawa kwa mara ya kwanza, muwasho huweza kuchelewa wiki 4 hadi 6. Kwa hiyo anayeanza kujikuna siku ya tatu ya kambi huenda alikuja nao bila mama yake kujua, na ukaguzi wetu wa langoni nao unaweza kumkosa. Mzazi akilielewa hilo mapema, hana haja ya kutulaumu wala kujilaumu. Ataelewa pia kwa nini hatumrudishi mtoto nyumbani, kwani amekaa nao majuma mengi tayari. Hata chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kinapinga kuwaondoa watoto darasani kwa sababu ya chawa au mayai yao.

Suala la nywele linahitaji aya yake. Shule zetu nyingi hapa Uganda hutaka wasichana wanyoe, kwa hiyo likizo ndiyo nafasi yao ya kusuka, na mama aliyemlipa msusi kwa ajili ya Krismasi ana haki ya kujua nani atafumua nywele hizo na kwa idhini ya nani. Sisi huandika wazi kwamba hatunyoi wala hatufumui kabla ya kuzungumza na mzazi, na kwamba msichana anayevaa hijabu hukaguliwa na mwanamke, faraghani.

Kuhusu dawa, tunaeleza kwamba tunatumia losheni ya pemethrini ya asilimia 1, inayoachwa kichwani dakika 10 na kurudiwa siku ya 9, kwa kuwa haiui mayai yote na yaliyosalia huanguliwa baada ya siku 7 hadi 10 hivi. Hapohapo tunakataza mafuta ya taa na dawa za kuogeshea mifugo, kwa maana huunguza ngozi na huweza kumdhuru mtoto vibaya.

Mwisho barua itaje nani atapiga simu. Kwetu ni muuguzi mwenyewe, siku ileile, kwa mzazi mwenyewe, na katika lugha anayoizoea. Nikiwa na mzazi wa Kiganda nasema ensekere, maana ndilo neno analolijua tangu utotoni. Huanza hivi: "Mama, mtoto hajambo, anacheza na wenzake. Tumeona chawa kichwani, naomba idhini yako tumpake dawa jioni hii."