Jangwani: Kukodi Gari Zima au Kuchangia? Tunayoambiwa na Yalivyo

Safari ya jangwani ikitajwa kwenye grupu la familia, mabishano huanza kabla hata ya tarehe kupangwa. Mmoja anataka gari la peke yetu, mwingine anasema tuchangie na wageni wengine tuokoe pesa, na wa tatu ana binamu aliyekwenda Dubai mwaka juzi na kwa hivyo anajua kila kitu. Tangu flydubai ianze kutua Mombasa mnamo Januari 2024, wajuzi wa namna hiyo wameongezeka. Mengi wanayoyasema yana chembe ya ukweli, na chembe hiyo ndiyo inayowaponza watu.

“Mkilipia praiveti, hamtachangamana na mtu”

Hili ndilo linalowatia watu hasara kuliko yote, basi nitakaa nalo kidogo.

Safari ya jioni ya jangwani Dubai ina vipande vitatu. Mnachukuliwa hotelini, mnapelekwa kurushwarushwa kwenye vilima vya mchanga, kisha mnamalizia kambini kwa chakula na ngoma. Wakala akikwambia “praiveti”, mara nyingi anazungumzia gari tu, yaani vipande viwili vya mwanzo. Kambini mnashushwa pamoja na wale waliokuja na magari ya kuchangia. Foleni ya nyama choma ni moja, jukwaa ni moja, vyoo ni vile vile, na aliyelipa mara tatu anakaa zulia moja na aliyelipa mara moja. Kama mlilipia faragha ili Bibi ajinafasi na wajukuu wake bila macho ya watu, mmenunua faragha ya garini tu.

Moroko ni vivyo hivyo, kwa sura nyingine. Huko Merzouga, ukingoni mwa vilima vya Erg Chebbi, hema linaweza kuwa lenu na choo ndani, lakini moto wa jioni na meza ya chakula ni vya kambi nzima. Hata ngamia hufungwa kamba mmoja nyuma ya mwingine, mchungaji akitangulia kwa miguu, na si ajabu nyuma yenu wakafungwa wageni wa kundi jingine. (Ukiwa unamtaka ngamia tu, ngamia yuko hapa Mombasa, ufuo wa Pirates, na utarudi nyumbani kabla ya magharibi.)

Kwa hivyo usiulize kama safari ni praiveti. Uliza kipi hasa ni chenu peke yenu: gari, dereva, hema, meza, au kambi nzima? Kambi nzima ipo na huuzwa, lakini bei yake ni nyingine kabisa. Wakala mkweli atakujibu moja kwa moja. Anayekutumia picha za machweo badala ya jibu, muage.

“Kuchangia ndiyo rahisi”

Rahisi kwa nani? Gari la kuchangia huuzwa kwa kichwa, la peke yenu huuzwa kwa gari, na watu hulinganisha bei hizo mbili kana kwamba ni kitu kimoja. Magari mengi yanayoingia mchangani Dubai ni Land Cruiser za abiria sita. Chukua mfano wa kubuni, kwa sababu bei hupanda na kushuka: kiti ni shilingi 6,000, gari zima ni 33,000. Mke na mume wakichangia watatoa 12,000, na hapo hakuna haja ya kufikiri mara mbili. Watu watano watatoa 30,000. Wakiongeza 3,000 gari ni lao. Sita wakinunua viti wametoa 36,000, wamepunjwa, na wanaweza hata kugawanywa magari mawili tofauti.

Na sisi hatusafiri wawili wawili. Akienda mama, anakwenda na dada yake, na dada ana watoto, na watoto wana yaya. Familia ya Kibokoni, hapa Mji wa Kale, ikijihesabu vizuri kabla ya kupiga simu, mara nyingi itakuta gari zima ndilo la bei nafuu. Uliza pia mtoto anahesabiwaje, maana kuna wanaomtoza kiti kizima na kuna wasiomtoza kabisa.

Kuna faida nyingine ya gari lenu ambayo hailingani na pesa. Kabla ya kuingia mchangani dereva husimama, anashuka, anapunguza upepo wa magurudumu manne yote hadi unayaona yamelala kidogo, ndipo yashike mchanga. Baada ya hapo gari linapanda kilima, linainama ubavu, linateleza, na viti vya nyuma kabisa ndivyo vinavyotapisha. Mjamzito hatakiwi humo, wala mwenye mgongo mbovu, wala mtoto mchanga. Katika gari la kuchangia, mmoja akiumwa, watano wengine wamelipia mchezo na wanautaka. Katika gari lenu mnamwambia dereva, “Ndugu, pole pole, au tuzunguke kwa njia ya kawaida mpaka kambini,” naye anazunguka.

“Peke yenu mtafika upesi”

Barabara haijui nani amelipa zaidi. Huko Moroko, kutoka mji wa Marrakech hadi Merzouga ni zaidi ya kilomita 550, mbali kuliko Mombasa hadi Nairobi, na mnavuka milima ya Atlas kwa kona za Tizi n’Tichka, juu ya mita 2,200. Ni siku nzima ya kukaa garini, uwe na basi dogo la wageni kumi na watano au gari lenu lenye vioo vyeusi.

Anayekuahidi Sahara kwa siku mbili kutoka Marrakech kwa kawaida anakupeleka Zagora, ambako vilima vya mchanga ni vidogo. Vile virefu vya kwenye picha, vinavyofikia mita 150 hivi, viko Merzouga, na safari yake ya kawaida ni siku tatu. Anayekuahidi jangwa la alasiri moja anakupeleka Agafay, karibu na mji, na huko ni mawe na vumbi. Pazuri, lakini si mchanga.

Mnachonunua kwa gari lenu ni uhuru wa kusimama. Ait Benhaddou, ule mji wa udongo ulioingizwa kwenye urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 1987, unastahili zaidi ya zile dakika ambazo kundi hupewa kupiga picha. Duka la mazulia nalo mtapelekwa tu, hata na dereva wenu wenyewe. Tofauti ni kwamba yeye mnaweza kumwambia hapana.

“Peke yenu ni salama zaidi”

Hapa nawageuzia kibao wanaopenda kujitenga, na mfano wangu uko hapa hapa Kenya. Jangwa la Chalbi, kaskazini mwa Marsabit, ni kitako cha ziwa la kale lililokauka, tambarare nyeupe ya chumvi kati ya Maikona, Kalacha na North Horr. Hadi Marsabit ni lami. Ukiiacha lami ni mchanga, mawe, na ule uso wa chumvi unaoonekana mgumu mpaka mvua inyeshe. Ukilowa, chini yake ni tope la kuzamisha gari mpaka ekseli. Gari moja la peke yenu likikwama huko, mnangoja. Magari mawili au matatu ya kundi yanavutana, yanaazimana gurudumu la akiba, na moja linaweza kwenda kutafuta msaada. Chalbi mimi ningechangia, au ningekodi magari mawili na ndugu.

Tena kwa mtu wa Mombasa kuna hesabu iliyofichika. Safari nyingi za kundi za kwenda Turkana na Chalbi huanzia Nairobi. Ukiita gari likufuate Mombasa, unalilipia likija tupu na likirudi tupu. Panda treni ya SGR pale Miritini, uungane na wenzako Nairobi.

Wanaohofia sala na kundi wamejipa hofu ya bure: msafiri ana ruhusa ya kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha, na anayewaamsha watu kuona jua likichomoza juu ya mchanga huwaamsha wakati Alfajiri bado ipo. Baridi ndiyo ya kuhofiwa. Usiku wa Disemba na Januari Merzouga hukaribia sufuri, na sisi tuliozoea kulala na feni tunakwenda na kanzu nyepesi na kandambili.

“Ukishatuma arbuni, nafasi ni yako”

Kwa gari lenu, ndiyo, kwa kawaida. Safari ya kuchangia hutegemea idadi. Wasipotimia, wakala anaahirisha, au anawahamishia kwa kampuni nyingine msiyoijua, au anawaambia muongeze pesa muendelee wachache, na tiketi za ndege mmeshakata. Kabla ya kubonyeza M-Pesa, muombe akuandikie idadi ya chini ni watu wangapi, mwisho wa kusubiri ni siku gani, na msipotimia pesa zinarudi zote au nusu. Kama ni kampuni ya Kenya, muombe pia leseni yake ya mwaka huu kutoka Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Anayo kwenye simu. Ni kukutumia tu.